Barua ya wazi kwa wanawake wenye kisukari waliovuka miaka 60

Wadogo zangu,

Mmeambiwa mara nyingi mchunge macho, figo na miguu. Leo nawasihi muichunge nyonga.

Mwenye kisukari cha aina ya 2 anaweza kupimwa wingi wa madini ya mifupa akaambiwa yuko vizuri, hata kuliko wenzake wasio na kisukari, na bado nyonga yake ikawa rahisi kuvunjika kuliko yao. Sukari ikikaa juu miaka mingi hugandamana na kolajeni, protini inayouwezesha mfupa kustahimili kishindo, na mfupa hukakamaa. Mwili nao huchelewa kuondoa mfupa uliochakaa na kujenga mpya. Kipimo kile huhesabu madini. Udhaifu huu hakiuoni. Hata kikokotoo cha kawaida cha FRAX, ambacho madaktari hukitumia kukadiria hatari ya kuvunjika, hakina swali la kisukari cha aina ya 2. Basi majibu yakiwa mazuri, msiridhike upesi. Mkumbusheni daktari kisukari chenu, na kama mmewahi kuvunjika mkono kwa kuanguka tu, hilo nalo lisemeni.

Lakini kinachovunja nyonga hasa ni kuanguka, na usiku ndio unaonitia hofu zaidi. Mkojo unakuamsha, macho hayaoni vizuri, nyayo zina ganzi, presha inashuka unaposimama. Kaeni kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, mchezeshe vifundo vya miguu, ndipo msimame. Taa iwe karibu na mkono, mikeka inayoteleza iondolewe. Kliniki ombeni mpimwe presha mkiwa mmelala, kisha mmesimama dakika 1 na 3: ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, dawa zenu ziangaliwe upya.

Sukari kushuka ni hatari kubwa kwa wanaotumia insulini au glibenklamidi. Ukitetemeka na kutoka jasho, usikimbilie jikoni. Kaa, uletewe gramu 15 za sukari, yaani vijiko vya chai 3 hadi 4, kwenye maji. Pima tena baada ya dakika 15, na kama sukari bado iko chini ya 3.9 mmol/L, rudia. Ikikushukia mara kwa mara, usiache dawa kimyakimya. Daktari anaweza kulegeza lengo la sukari yako. Wanaotumia pioglitazoni waulize kuhusu dawa mbadala, maana pioglitazoni huongeza kuvunjika kwa mifupa ya wanawake. Waliotumia metformini miaka mingi wapimwe vitamini B12, kwani ikipungua huzidisha ganzi.

Kalsiamu ni miligramu 1,200 kwa siku, chakula kikihesabiwa kwanza. Vidonge ni vya kujazia pengo tu. Mwenye figo dhaifu asivianze bila ushauri. Na miguu ipewe kazi: inukeni kitini mara 10 bila kujisukuma kwa mikono, kiti kikiegemea ukuta.

Mwenzenu akianguka, akashindwa kusimama na mguu ukaonekana mfupi, umegeukia nje, msimkande wala kumvuta. Maumivu ya kinena yanatosha kumpeleka hospitali hata kama anatembea. Mpimeni sukari mkiwa njiani, na mwambieni mhudumu dawa alizotumia siku hiyo na saa aliyokula mwisho.