Barua kwa mabinti wanaoshona sare za harusi msimu huu wa korosho

Wanangu na wajukuu zangu wa Lindi na Mtwara,

Hamjambo. Mimi ni bibi yenu, fundi cherehani hapa Lindi mjini, mwaka wa 41 huu nimekaa kwenye kiti kile kile. Tangu minada ya korosho ianze Oktoba sijalala mapema. Pesa ya korosho ikiingia benki, posa zinajibiwa, tarehe zinapangwa, na mabinti sita au wanane wanaingia mlangoni kwangu wamenishikia simu usoni. Ndani ya simu kuna picha ya wapambe wa watu wengine, wote warefu, wote wembamba, wamesimama kwenye ngazi za hoteli. "Bibi, tunataka kama hii."

Picha hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Miaka kama 12 iliyopita walikuja wapambe saba na picha ya gauni la satini, limebana kuanzia kifuani hadi magotini, halafu linamwagika chini kama mkia wa samaki. Nikawapima mmoja mmoja. Wa saba, binti mnene, mpole, nilipompitishia tepu kiunoni alivuta tumbo ndani na kuzuia pumzi mpaka nilipomaliza kuandika. Niliona. Nilijua pale pale kwamba mshono ule ungemtesa, na nilijua namna ya kuubadilisha. Nikanyamaza, kwa sababu kazi ya magauni saba ilikuwa kubwa kwangu na sikutaka bibi harusi akasirike akaipeleka kwa fundi mwingine. Malipo ya awali yalikuja ya watu sita. Siku tatu kabla ya harusi yule binti alituma ujumbe kwamba ana malaria. Hakuwa na malaria. Alikuwa na nusu ya pesa tu, ile aliyopewa na mama yake kutoka kwenye vibarua vya kupalilia mikorosho, na alikuwa amejiona kwenye kioo changu siku ya kujaribu. Yeye na bibi harusi walichezwa unyago pamoja, wakalala mkeka mmoja. Siku ya harusi hakuwepo. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na sehemu yangu katika kosa lile naijua.

Kwa hiyo nawaomba: msianze na picha. Anzeni na yule mwenye mfuko mwepesi kuliko wote na yule ambaye mwili wake mafundi wanaukwepa. Gauni likiwafaa hao wawili, wengine wote litawafaa.

Habari ya pesa iulizwe kwa heshima. Bibi harusi, au somo wake, yule mama anayemfunda, amwite kila mpambe pembeni amwulize anaweza kutoa kiasi gani bila kukopa. Msiulize kwenye kundi la WhatsApp. Pale hakuna atakayeandika elfu ishirini baada ya mwenzake kuandika laki. Kisha kumbukeni kwamba mpambe huyo huyo ameshaandikwa kwenye kadi ya mchango, ana sare ya kumfunda mwali na ana sare ya kumuaga. Nguo tatu kwa harusi moja! Mbili kati ya hizo zinaweza kuwa khanga ya doti moja na blauzi aliyonayo kabatini, na hakuna mgeni atakayepungukiwa na kitu.

Sasa niwape hesabu ambayo mafundi wengi hatuwapi. Satini na krepu tunazozipata huku nyingi zina upana wa inchi 58 hadi 60. Gauni refu la kawaida, linaloachia kidogo kuanzia kiunoni, kwa binti wa kimo cha kati linakula kama mita 3. Mkisema mnataka kloshi nzima, ile sketi ambayo ukiitandaza chini inakuwa duara, basi kiuno cha inchi 28 na urefu wa inchi 42 vinakula karibu mita 5 kwa sketi peke yake. Ongezeni mita moja ya kifua na mikono. Tuseme mita ni shilingi 10,000: binti mmoja amezidisha 30,000, na wapambe sita wamezidisha 180,000, hapo bado bitana. Mwambieni fundi akate nusu kloshi. Sketi haifiki mita 3, na mkitembea bado inacheza. Gauni la mkato wa mshazari, kitambaa kikikatwa kwa kona, nalo linapendeza, sikatai, lakini linatupa kitambaa kingi mezani na halimsamehe mwenye tumbo.

Upande wa mwili, niaminini mimi niliyepima watu kuliko kioo cha simu. Hakuna mwili mbaya kwenye tepu. Kuna mshono uliokaa mahali sipo. Mwenye tumbo, au aliyejifungua juzi, kiuno cha gauni kipandishwe hadi chini ya matiti, kitambaa kianguke chenyewe. Mwenye kifua kikubwa awekewe mkanda mpana begani unaoficha sidiria, na shingo ya V; msimvalishe gauni lisilo na mabega, maana atashinda akilivuta juu badala ya kumshikia bibi harusi maua. Mfupi asikatwe vipande vipande kwa mkanda wa rangi nyingine na marinda ya magotini. Mpeni mishono miwili inayoshuka moja kwa moja kutoka begani hadi kwenye pindo, ataongezeka kimo mbele ya macho yenu. Mwembamba anayeona aibu ya wembamba wake, marinda kiunoni na mikono iliyojaa kidogo vinatosha. Anayenyonyesha anahitaji shingo ya kupishana au zipu ya mbele, na hili lisisahauliwe, nimeona mtoto akilia ukumbini saa nzima kwa sababu zipu ya mama yake ilikuwa mgongoni.

Na anayejistiri, akatiwe mikono mirefu na mtandio kutoka kwenye kitambaa kile kile. Asiambiwe avae bodi nyeusi ndani ya gauni la mikono mifupi, akatokea kwenye picha kama mtu aliyekuja na sare ya harusi nyingine. Huku kwetu mpambe wa kanisani na wa msikitini ni marafiki, wanasimama kwenye harusi moja. Kitambaa kiwe kimoja, urefu wa pindo uwe mmoja, kifua na mikono kila mtu achague chake. Hiyo ndiyo sare. Tangu yule binti wa saba sikubali tena kushona mshono mmoja kwa miili sita bila kwanza kukaa na hao sita na kuzungumza.

Kitambaa kichaguliwe kwa hali ya hewa yetu. Novemba na Desemba pwani hii ni jasho tangu asubuhi. Satini ya polyesta haipitishi hewa, na ikiwa ya kijivu au ya bluu mpauko, makwapa yanaonekana kabla padri hajafika kwenye viapo. Rangi zilizoiva zinaing'arisha ngozi yetu: damu ya mzee, ambayo pia inaficha jasho, manjano ya haradali, kijani cha jani la mgomba. Tena taa za dukani zinadanganya. Toka na kitambaa mlangoni, kiweke chini ya kidevu cha kila mmoja, mtazamane juani. Mkikubaliana, kateni cha watu wote kwenye jora moja siku hiyo hiyo. Mkirudi wiki ijayo kumkatia mmoja aliyechelewa, jora jipya linaweza kuwa limepishana rangi, na kamera italiona hilo kabla yenu.

Msidharau kitenge. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua ile iliyokata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, krepu ya wapambe sita ilikuwa imekwama Dar es Salaam na harusi ilikuwa imebakiza siku tisa. Bibi harusi alilia kwenye benchi langu. Tukaenda sokoni hapa hapa Lindi, tukanunua kitenge kimoja cha haradali na bluu, vipande vinne vya yadi 6, kila mmoja akapata yadi 4. Nikakiloweka usiku kucha, kwa sababu pamba hurudi, yaani husinyaa ikilowa, nikakianika, nikakata mishono sita tofauti. Idi iliyofuata niliwaona wawili kati yao wamevaa magauni yale yale. Hebu nionyesheni satini ya mkia wa samaki iliyovaliwa mara ya pili.

Wanasema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mimi nimezipunguza na kuzipanua za kuazima na za mtumba mpaka zikasitiri. Mtumba una magauni marefu mazuri kwa mwenye subira ya kupekua, ila nunueni lililozidi mwili, kwa kuwa kupunguza ni kazi ya saa moja na kuongeza ni kazi ya kubahatisha. Mnaoagiza kwa picha kutoka nje, namba iliyo kwenye lebo msiitegemee. Pimeni inchi za kifua, kiuno na nyonga, mlinganishe na vipimo vya muuzaji.

Lililobaki ni muda. Leteni kitambaa wiki nne kabla, pesa ya awali ikiwa imetimia kwa wote. Siku ya kupimwa njooni na sidiria mtakayovaa na viatu mtakavyovaa, maana kisigino cha inchi 3 kinabadilisha pindo. Msivute tumbo ndani. Mimi kwa gauni la satini nashona kwanza kifua cha marekani, kile kitambaa cha bei rahisi, nakirekebisha mwilini, ndipo nakata. Satini ukiifumua matundu ya sindano yanabaki. Mwambieni fundi wenu aache akiba ya inchi moja kila ubavu, na mrudi kujaribu wiki mbili kabla, wote, siku moja.

Kuna fundi ameshamwambia mmoja wenu kwamba mwili wake haushoneki? Mleteni kwangu, hata kama gauni litashonwa kwingine. Nitampima, nitamchorea mshono kwenye karatasi, aende nao kwa fundi wake. Karatasi hiyo hailipiwi.

Bibi yenu,
fundi wa Lindi