Baba mdogo ananilipia ada, na kesi niliyosoma iko upande wa shangazi

Anti, shikamoo.

Hii ni wiki ya kumi na moja tangu nianze mwaka wa kwanza wa sheria hapa Dar, na kijijini kwetu Muleba tayari naitwa wakili. Siku naondoka, jirani mmoja alinisindikiza hadi stendi akinieleza kesi yake ya mbuzi. Nilicheka. Sasa sicheki.

Nianze na chuo, umjue huyo wakili wenyewe. Kidato cha sita nilisoma HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, lakini Kiingereza changu ni cha kujibia mtihani. Wiki ya kwanza mhadhiri alituachia kesi sita za kusoma kabla ya semina ya Jumatatu. Mojawapo ni ya yule mama wa Scotland aliyedai amekunywa soda ya tangawizi yenye konokono aliyeoza, ya mwaka 1932. Kurasa zaidi ya hamsini, majaji watano na kila mmoja ana lake la kusema. Saa nane usiku nilikuwa ukurasa wa saba na kamusi ya kwenye simu. Asubuhi nikaulizwa swali moja tu: uamuzi huo unazifunga mahakama za Tanzania? Sikujua. Kumbe sheria ya Waingereza tuliyoirithi inahesabiwa hadi tarehe 22 Julai 1920, na konokono huyo alikuja baadaye. Majaji wetu wanaweza kumsikiliza, hawalazimiki. Waliosoma madesa, yaani nukuu za kunakili, ya mwaka jana walijibu bila hata kufungua kesi yenyewe.

Nakonda kwa hofu ya kudisko, yaani kufeli na kuondolewa chuo. Na hata nikimaliza, kuna Shule ya Sheria ya kupitia kabla ya kuwa wakili, ile ambayo mwaka 2022, kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Hiyo naiacha, iko mbali.

Wiki ya nane tulipewa kesi ya kufupisha kwa ukurasa mmoja, Ephrahim dhidi ya Pastory. Nilipoona imeanzia Mahakama ya Mwanzo Kashasha, Wilaya ya Muleba, nilishtuka. Ni kwetu! Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Uzee ukamkuta hana wa kumtunza, mwaka 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akamshtaki, kwamba mila ya Wahaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Na kweli mila hiyo iliandikwa ikatangazwa na serikali mwaka 1963: mwanamke alitumie shamba, asiliuze. Mpwa akashinda Kashasha. Wilayani mambo yakageuka, kesi ikapanda Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema Katiba imekataza ubaguzi, mwanamke auze kama mwanaume anavyouza. Ila ndugu anayetaka shamba libaki kwenye ukoo anaweza kulikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake. Neno hilo la kukomboa, kwa Kiingereza "redeem", nilikuwa nalijua kanisani tu.

Nilipata 16 kati ya 20. Nilimtumia mama picha ya karatasi ile, naye bila shaka akaionyesha kila mtu, kwa sababu siku ya tatu baba mdogo alipiga.

Anti, huyu si mtu mbaya, naomba ulishike hilo. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la saba, na tangu kidato cha kwanza amenisomesha yeye kwa kahawa yake. Bodi ya Mikopo imenipa sehemu tu. Laki tano zinazobaki kila semista anatoa yeye, na bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, likichelewa anatuma hata elfu kumi ya kula. Yeye hajawahi kuniita kwa jina tangu nichaguliwe.

"Wakili wangu, kazi imekuja," akasema.

Shangazi yetu, dada yake wa tumbo moja, anauza kipande cha kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, alichoachiwa na babu. Ni mtu anayekaribia sabini, aliachika zamani akarudi nyumbani, na ndiye aliyemuuguza babu hadi mwisho. Sasa mguu unamsumbua, anataka fedha ya kwenda kutibiwa. Mnunuzi ni mtu wa mjini. Baba mdogo hataki kusikia, kwa sababu makaburi ya babu na bibi yako palepale kwenye migomba, hatua chache kutoka kwenye kipande hicho. Amepeleka malalamiko baraza la kata, shangazi ameitwa kwenye usuluhishi, na mimi natakiwa niandike maelezo "ya kisheria hasa" kwamba mwanamke haruhusiwi kuuza.

Nikajikaza nikamuuliza babu alimwachiaje. Kimya kidogo. Jioni ikaingia picha WhatsApp.

Ni karatasi ya daftari la mistari imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kutoboka. Tarehe ni ya 1997. Mwandiko wa mtu mwingine, chini yake dole gumba la babu kwa wino wa zambarau, halafu majina manne ya mashahidi. Watatu nawajua, wote marehemu. Imeandikwa wazi kwamba kipande cha kuanzia mti wa mrumba hadi njia ya kisimani ni cha binti yake, "kiwe chake kabisa". Pembeni mwa picha linaonekana dole gumba la baba mdogo mwenyewe, ameibana karatasi isipeperuke. Chini akaandika: "Hii ipo kwangu tu. Tafuta namna."

Shangazi hajui kama karatasi ipo. Siku zote amekuwa akisema babu alimpa kwa mdomo.

Nimeisoma kesi ya Holaria tena na tena tangu siku hiyo, na kila nikisoma namwona shangazi. Nimemwambia baba mdogo niko kwenye majaribio. Uongo huo umekwisha, majaribio yalimalizika Ijumaa. Kaka mmoja wa mwaka wa tatu ananiambia niandike tu, nani atajua, na nidai chochote. Lakini hata hilo la kuandaa nyaraka za kisheria kwa malipo bila kuwa wakili sheria inalikataza, ni jambo la mwanzo kabisa tulilofundishwa. Mwenzangu wa chumbani anasema nifute picha nijifanye sikuiona. Mama ninaogopa kumwambia, kwa sababu anaishi jirani na baba mdogo na mdomo wake unajulikana.

Nilikuwa nawaza kumwambia baba mdogo hiyo njia ya kukomboa, yaani shangazi auze, naye amrudishie mnunuzi fedha, kibanja kibaki. Au amnunulie dada yake yeye mwenyewe tangu mwanzo, yaishe. Lakini fedha hiyo ataitoa wapi kama si kwenye ada yangu? Na je, mtoto wa mwaka wa kwanza anamwambiaje mlezi wake kwamba amekosea, tena kwa simu? Au nimpigie shangazi nimwelekeze kwa wasaidizi wa kisheria wa wilayani, bila kutaja karatasi? Nikitaja, nimemsaliti aliyenisomesha. Nikinyamaza, shangazi atakaa mbele ya wazee wa baraza akisema "baba alinipa kwa mdomo", na mimi nina dole gumba la baba yake kwenye simu.

Niambie nianze na nani, Anti, na nianzeje. Usuluhishi ni Alhamisi ya wiki ijayo. Leo asubuhi shangazi amenipigia mara mbili, na sijapokea.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza,
Dar es Salaam