Somo la Alhamisi: Waamuzi 6 hadi 8

Bwana asifiwe, wapendwa. Alhamisi tunasoma habari za Gideoni, mwamuzi aliyewaokoa Waisraeli kutoka kwa Wamidiani waliowaonea. Tafadhali someni kwanza sura ya 6 yote, kisha 8:22-27. Sura ya 7 ipitieni haraka tu.

Wengi hurukia ile ngozi ya manyoya ambayo Gideoni aliomba umande uishukie kama ishara (6:36-40), wakaifanya kanuni ya kumwomba Mungu ishara. Angalieni mpangilio. Gideoni anaanza kwa kuuliza waziwazi: kama Bwana yu pamoja nasi, mbona haya yametupata? Hakemewi kwa swali hilo. Anatumwa. Usiku uleule anaagizwa abomoe madhabahu ya Baali ya baba yake mwenyewe na kuikata Ashera (nguzo ya mungu mke), na kuni zake zitumike kumtolea Bwana sadaka. Anakwenda na watumishi 10, usiku, kwa kuwa anaogopa. Ngozi inakuja baadaye, sanamu ikiwa imeshaanguka. Kwa hiyo tusimwambie mtu mwenye mashaka angoje hofu iishe ndipo aachane na hirizi au mganga.

Sura ya 8 inauma zaidi, na naomba tuipe nusu ya muda wetu. Baada ya ushindi Gideoni anakusanya pete za dhahabu, uzito wa shekeli 1,700, takriban kilo 19, anatengeneza naivera (vazi la kikuhani) na kuiweka Ofra, mji wake. Israeli wote wakaiandama, ikawa tanzi kwake na nyumba yake. Kila mmoja aje na jibu la swali hili: ni ushindi gani aliotupa Mungu ambao sasa tunauabudu?

Tunaanza saa 12 jioni. Njooni na Biblia na kalamu.