Mwanangu, Hebu Uache Huo Mgadenia Utulie

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo. Picha zako nimezipata, nami nimezitazama moja moja. Mgadenia wako, mti huo wa maua meupe ya kunukia, ni mzima, ondoa shaka, ila una malalamiko mawili, na la kwanza umelieleza mwenyewe bila kujua. Unasema matumba yanaanguka kabla hayajafunguka. Halafu mistari miwili mbele unasema uliutoa dirishani ukaupeleka kibarazani, upepo ulipozidi ukaurudisha ndani, juzi umeutoa tena. Chagua mahali pamoja, uweke hapo, uuache.

Mahali penyewe pawe na jua la asubuhi na kivuli chepesi mchana. Jua kali la alasiri huunguza majani, na kivuli kizito kitakupa majani ya kupendeza bila ua hata moja. Mti ukishafunga matumba haupendi mabadiliko: kukaushwa leo na kuloweshwa chapachapa kesho, upepo mkavu wa kiyoyozi, wala usiku wenye joto jingi. Usiku wa nyuzi 15 hadi 18 za Selsiasi ndio unaoufaa zaidi kufunga matumba. Kwa hiyo haya ya sasa yakidondoka yote, wala usihangaike. Hewa ikipoa utafunga mengine.

Tuje kwenye majani, maana hili la pili ndilo lenye kazi. Jani likigeuka njano watu hukimbilia mbolea. Wewe, kabla hujatia chochote, angalia ni jani lipi. La chini kabisa, la siku nyingi, likigeuka njano peke yake na kudondoka, huo ni uzee tu. Mti ulio kijani mwaka mzima nao hubadilisha majani, ila kidogo kidogo hata usitambue. Yakigeuka mengi ya chini kwa mpigo, hapo shuku maji yanayotuama kwenye kisahani, au upungufu wa naitrojeni. Lakini katika picha yako ya mwisho njano iko juu, kwenye majani machanga, na mishipa imebaki kijani, imechoreka kama ramani ya mito. Hiyo ni njaa ya chuma. Chuma kikishaingia kwenye jani hakihami tena, mti hauwezi kukichukua kwenye jani kuukuu ukakipa changa, ndiyo maana njaa yake huonekana kileleni. Naitrojeni yenyewe huhama, na upungufu wake huanzia chini.

Usidhani udongo wako hauna chuma. Huenda kimo tele, ila mizizi inashindwa kukinyonya kwa sababu udongo umepungukiwa tindikali. Mgadenia unataka udongo wa pH 5 hadi 6, yaani kipimo cha tindikali, ambacho namba ikishuka tindikali imezidi. Ikipanda kukaribia 7 na kupita, chuma hukwama. Mimi nashuku maji yako. Maji yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika yana chokaa, na kila ukimwagilia unaiongezea chungu chokaa hiyo. Kinga maji ya mvua, uyatumie hayo. Kwa sasa upe chuma cha cheleti, kile kinachoyeyuka majini na kisichokwama kirahisi udongoni, kwa kipimo cha kwenye pakiti na si zaidi. Tazama majani yatakayochipuka baadaye, hayo ndiyo yatakayokupa jibu. Yale yaliyokwisha kuwa njano kabisa pengine hayatarudi.

Atakayekushauri ufukie misumari yenye kutu, mshukuru, misumari mwachie mwenyewe. Kutu ni chuma kilekile kilichokwama. Na machicha ya kahawa, ingawa mbuni na mgadenia ni wa ukoo mmoja, hayashushi pH kama wanavyodai, maana tindikali nyingi imeshakwenda kikombeni.

Unaniuliza kama uuhamishie ardhini. Ukipata bustani, sawa, lakini si kando ya ukuta uliopigwa lipu karibuni. Saruji ina chokaa, mvua huishusha kwenye udongo, nawe utarudi palepale kwenye majani ya njano. Chimba shimo pana kuliko kina, changanya mboji, na uupande shingo yake, pale shina linapokutana na mizizi, ikiwa juu kidogo ya usawa wa ardhi. Mizizi yake hukaa juu juu, kwa hiyo jembe lisikaribie. Tandaza majani makavu chini yake, sentimita 5 hadi 8, bila kugusa shina, na magugu ung'oe kwa mkono.

Wadudu nitakutajia kwa ufupi. Ukiona sisimizi wanapandisha shina, kuna kitu huko juu kinanyonya utomvu: vidung'ata, magamba, au inzi weupe wanaoruka kama vumbi ukitikisa tawi. Masizi meusi juu ya majani nayo ni ukungu unaoota kwenye majimaji matamu ya wadudu hao. Futa majani, hasa upande wa chini, kwa maji yenye sabuni kidogo, jua likishapoa, kisha suuza. Rudia kila wiki mpaka waishe. Paka wako naye asiachwe atafune majani, yanaweza kumtapisha.

Kupogolea ni mara tu maua yanapokwisha. Ukichelewa, utakuwa unakata matawi yanayojiandaa kwa msimu ujao. Vipande vizuri utakavyokata usivitupe: chagua vya urefu wa sentimita 10, visivyo laini sana wala vigumu kama kuni, ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu na ufunike kwa mfuko unaopitisha mwanga. Mizizi huchukua wiki kadhaa, na kuvuta kipande kila siku ili uone kama kimeshika ni kukichelewesha.

Ua likifunguka, lishike kwa kikonyo. Petali ukizigusa vidole vinaacha alama ya kahawia. Litakuwa jeupe, kisha rangi ya maziwa mazito, kisha njano ndani ya siku chache, na huo si ugonjwa, basi usije ukaniandikia kwa hofu. Harufu huzidi jioni, maana nondo wa usiku ndio wanaoitwa. Watu wa China walikuwa wakiutunza mti huu na kutoa rangi ya njano kwenye matunda yake karne nyingi kabla John Ellis wa Uingereza hajauita Gardenia mwaka 1761, kwa heshima ya daktari mmoja wa Charleston huko Marekani, Alexander Garden. Mimi naona mti wenyewe ungetosha kuheshimiwa.

Majani mapya yakitoka njano hata baada ya kubadilisha maji, nitumie picha kabla hujaongeza kitu chochote.

Mama yako