Safari Hii Hatujengi Ukuta

Ndugu wazazi, walezi, na wote mnaoitakia heri shule yetu ya awali,

Safari hii hatuwaombi mabati, saruji wala madawati. Tukishachanga hakutakuwa na jengo la kuzindua, wala jiwe la msingi lenye jina la mgeni rasmi. Tunajua hilo linaifanya kazi ya kuomba kuwa ngumu, kwa sababu mtu akitoa fedha yake hupenda kuona tofali limepanda juu ya tofali. Tunachoomba ni saa moja kwa wiki. Mhudumu aliyefunzwa aende nyumbani kwa mtoto mdogo, aketi chini na mzazi, wacheze wote watatu, aage, na wiki inayofuata arudi. Afanye hivyo kwa miaka miwili.

Niruhusuni nianze na kosa langu mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa darasa la wadogo. Niliwahi kuwa na mtoto wa miaka minne ambaye kila asubuhi, mzazi wake akishageuka mlangoni, aliingia chini ya meza na kukaa huko. Hakulia. Na kwa kuwa hakulia, nilimsifu kwa wenzangu: huyu hana usumbufu. Waliolia ndio niliowahangaikia, tena kwa kuwaambia "nyamaza, wewe ni mkubwa sasa." Muhula ulikuwa unakaribia kwisha nilipong'amua kwamba yule mkimya ndiye aliyekuwa amekata tamaa. Mtoto anayelia bado anaamini yupo atakayemsikia.

Baadaye nilisoma jaribio alilofanya mwanasaikolojia Edward Tronick huko Marekani katika miaka ya 1970. Mama alicheza na mtoto wake mchanga kama kawaida, kisha akaambiwa akaze uso kwa dakika chache tu: amtazame mtoto, lakini asicheke, asiseme, asiitikie. Mtoto alitabasamu ili amrudishe mama mchezoni. Alipoona hapati kitu alijaribu tena, akanyoosha mikono, akapiga kelele, na mwisho akageuza uso na kujikunyata. Hakuna aliyempiga, wala hakuwa na njaa. Alichokosa ni jibu. Mama alipoachia uso wake, watoto wengi walirudi mchezoni, ingawa kwa kusitasita kidogo. Hapo nilimwona yule mtoto wa chini ya meza.

Methali ya samaki mkunje angali mbichi tumeitumia mno kutetea fimbo. Watafiti wa makuzi wameisoma mbichi hiyo kwa namna nyingine. Mtoto mdogo hawezi kujituliza peke yake. Hutulizwa kwanza na mtu, mara mia na mara elfu, hadi mwili wake ujifunze njia. Akiwa na hofu, mwili humwaga homoni za msongo, ikiwemo kotisoli. Hilo si baya, maana ndivyo mwili unavyojilinda. Shida huja pale hofu isipokoma na asitokee wa kumshika, ikawa ndiyo hali yake ya kila siku. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walichapisha uchunguzi wa maelfu ya watu wazima huko San Diego. Kadiri mtu alivyosimulia mateso mengi zaidi ya utotoni, ndivyo uwezekano wa kuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na hata magonjwa ya moyo ulivyopanda. Hiyo si hukumu kwa mtoto yeyote. Wapo waliopitia mengi wakasimama, na mara nyingi ukiwauliza watakutajia mtu mmoja aliyekuwa upande wao.

Sasa nije kwenye kazi iliyotufanya tuandike wito huu. Mwaka 1986 na 1987, mjini Kingston, Jamaika, daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa maskini. Wakawagawa katika makundi manne. Kundi moja lilipewa maziwa ya lishe kila wiki. La pili lilitembelewa na wahudumu wa afya ya jamii, saa moja kwa wiki, ili kumwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto. La tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata huduma hizo. Vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa makopo na mabaki ya nyumbani. Vilibaki kwa mtoto, na ziara iliyofuata vikabadilishwa. Mpango ulidumu miaka miwili ukafungwa.

Watafiti hawakuwaacha. Walirudi kwa watoto wale walipokuwa vijana wadogo, wakakuta waliochezeshwa hawana wasiwasi na huzuni nyingi kama wenzao, na wanajithamini zaidi. Wakarudi tena watoto hao walipofikia miaka 22. Waliotembelewa walikuwa wamesoma zaidi, dalili za sonona zilikuwa chache, na hata ugomvi wa ngumi ulikuwa umepungua kwao. Mwaka 2014 ilichapishwa hesabu ya mapato yao: asilimia 25 juu ya wenzao ambao hawakutembelewa. Maziwa peke yake hayakuacha alama kama hiyo. Nawasihi msinielewe vibaya, mtoto lazima ale. Ila tumezoea kuchangia chakula na kudhani tumemaliza.

Kitu kinachonivutia zaidi katika kazi ile ni kwamba mhudumu hakwenda kumlea mtoto. Mlengwa alikuwa mama. Saa moja kwa wiki ni kidogo sana kwa mtoto, lakini mama akiona mwanawe anacheka kwa sababu yake, siku sita zilizobaki hubadilika. (Ndiyo, na baba pia. Baba watakaopangiwa ziara tunaomba wasikimbilie kuaga mara tu mhudumu anapoingia.)

Mpango wetu ni mdogo. Tunataka kuanza na kaya 30 zenye watoto wa chini ya miaka mitatu, na wahudumu watano, kila mmoja akiwa na kaya sita. Ziara ya kwanza haitakuwa na somo. Mhudumu atasema "niambie habari za mtoto wako," kisha anyamaze asikilize. Tumejifunza hilo kwa mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyekaa Uganda mwaka 1954 na 1955 akizitembelea familia 26 zenye watoto wachanga. Aligundua kwamba mama aliyeweza kusimulia kwa undani tabia za mwanawe, mara nyingi mtoto wake alikuwa na utulivu wa kutambaa mbali, kuchungulia dunia, na kurudi kwake akihitaji. Kumtazama mtoto ni kazi, na huanza kwa kuulizwa.

Fedha zitakwenda kwenye mafunzo ya wahudumu, posho na nauli zao, pamoja na msimamizi mmoja atakayefuatana nao mara kwa mara. Kipengele cha msimamizi wajumbe wengine walitaka kukifuta ili kubana matumizi. Tulikataa, kwa sababu ziara bila usimamizi hugeuka upesi kuwa salamu za mlangoni.

Jambo moja hatutalegeza: ziara hazitaanza mpaka fedha za miaka miwili kamili ziwe mkononi. Kumzoesha mtoto mtu, kisha mtu huyo apotee baada ya miezi mitano kwa kuwa mfuko umekauka, ni kumtendea lile lile tunalotaka kuliponya. Mchango ukipungua tutapunguza kaya, hatutapunguza miezi. Hesabu itasomwa mbele ya wazazi wote kila mwisho wa muhula, pamoja na idadi ya ziara zilizofanyika na zilizokosa kufanyika, na sababu zake.

Kadi za mchango ziko kwa mhazini na kwa walimu wa zamu. Ahadi za kutoa kidogo kidogo kila mwezi zinapokelewa, na kila mchango una stakabadhi. Asiye na fedha tunamhitaji vilevile. Tunakusanya makopo yasiyo na makali, vifuniko, mabaki ya vitambaa na maboksi magumu, na Jumamosi mbili za mwezi huu tutakaa darasani kushona wanasesere na kuchonga vipande vya kupanga. Tafadhali msilete kitu kinachoweza kuingia chote kinywani mwa mtoto. Tutakipima mlangoni, na kikiingia tutakurudishia.

Wenu, mwalimu wa darasa la wadogo, kwa niaba ya kamati ya wazazi