YAH: Maelekezo yenu yanaharibu nywele za wanasesere

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Sisi ni mafundi wa kurekebisha nywele za wanasesere. Lalamiko letu kuu ni hili: maboksi yenu hayasemi nywele zimetengenezwa kwa kitu gani, na kikaratasi kilichomo ndani kinatoa maelekezo yale yale kwa wanasesere wote: loweka kichwa kizima kwenye maji ya moto, chana, kisha nyoosha kwa pasi ya nywele kwenye nyuzijoto 180 za Selsiasi.

Baadhi ya wanasesere wenu wana nywele za nailoni, ambayo huanza kuyeyuka ikivuka nyuzijoto 200. Hao wanaweza kunusurika. Lakini wengine wana nywele za polipropilini, aina nyingine ya plastiki, nayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi. Pasi ya 180 ikizigusa tu, nywele zinaganda kwenye bamba la pasi na ncha zinageuka vifundo vigumu kama plastiki iliyoungua, maana ndicho kilichotokea. Hapo hakuna mafuta wala shampuu ya kuzirudisha. Dawa ni mkasi. Mteja aliyefuata maandishi yenu neno kwa neno ndiye anayepata hasara, nanyi mnamjibu kwamba dhamana haihusu "matumizi yasiyofaa". Hilo si haki hata kidogo.

Kwa kuwa hamsemi, inabidi kila mtu ajipimie. Kata unywele mmoja kutoka nyuma ya kichwa, weka kwenye bilauri ya maji yenye tone la sabuni ya vyombo, uzamishe kwa kidole mpaka viputo vyote viachie, kisha ondoa kidole. Polipropilini ni nyepesi kuliko maji, itapanda juu. Nailoni na sarani (plastiki nyingine inayotumika kwa nywele za wanasesere) zitabaki chini. Bila sabuni kipimo kinadanganya, kwa sababu hata unywele mzito unaweza kushikiliwa na uso wa maji. Jambo ambalo lingemalizwa na neno moja kwenye boksi limekuwa kazi ya maabara.

Kuloweka kichwa kizima nako ni kosa. Maji huingia kupitia matundu ya mishono ya nywele na kutuama ndani, ukungu ukaota, na vyuma vya shingo au vya macho vikapata kutu. Kope zilizobandikwa kwa gundi hubanduka. Mwanasesere ainamishwe, nywele peke yake ziingie majini: maji vuguvugu nusu lita na kijiko kimoja cha chakula cha kilainisha nguo, dakika kumi na tano au zaidi, kisha zisuuzwe vizuri. Kuchana kuanzie kwenye ncha kupanda juu, fungu dogo dogo, huku mkono mwingine umeshika nywele karibu na shina ili zisichomoke kichwani. Ukianzia juu unasukuma mafundo yote yakakutane chini, na nywele zinabaki timutimu.

Kuhusu mawimbi, kikaratasi kimeandika "zungushia rola" basi. Sarani na nailoni hushika mawimbi vizuri: nywele mbichi zikunjwe kwenye rola nyembamba au kipande cha mrija, ncha zikiwa zimefunikwa kwa karatasi laini zisipinde, zimwagiwe maji yaliyotoka kuchemka, halafu mara moja maji baridi. Rola isiguswe mpaka nywele zikauke kabisa, hata ikichukua siku nzima, kwani zikifunguliwa na unyevu mawimbi yanalegea. Polipropilini haishiki mawimbi vizuri. Mwambieni mnunuzi ukweli huo kabla hajalipa.

Kuna jambo la gundi pia. Kwenye baadhi ya vichwa gundi mliyopaka ndani kushikilia mizizi inavuja nje, na nywele zinanata kuanzia shinani. Mnashauri shampuu. Shampuu inaosha kilichokwisha kutoka, na poda inafyonza kwa muda tu, lakini chanzo kiko ndani, kwa hiyo mnato unarudi. Inabidi kichwa kipashwe joto kidogo vinili (plastiki ya kichwa) ilainike, kitolewe bila kuvunja kishikizo cha shingo, gundi ikwanguliwe kwa kibano, ndipo nywele zioshwe kwa sabuni ya vyombo mara kadhaa. Kazi hiyo asibebeshwe mnunuzi. Badilisheni gundi.

Tunataka aina ya nywele na kikomo cha joto viandikwe kwenye kila boksi, agizo la pasi liondolewe leo hii kwa wanasesere wote wa polipropilini, na wateja ambao nywele zimeyeyuka kwa kufuata kikaratasi chenu wapewe kichwa kingine bila malipo. Tunasubiri majibu kwa maandishi.

Wenu,
Mafundi wa nywele za wanasesere