Mtoto wa Mbezi Beach tangu lini?

Kwako mwanangu Rama,

Huku Temeke wote wazima, bibi yako mguu bado unamsumbua ila sokoni anafika. Sasa baba, nimeoneshwa ulivyojiandika Instagram eti "mtoto wa Mbezi Beach", nimecheka mpaka mama yako akatoka jikoni kuuliza kuna nini, si ulikaa likizo tu kwa shangazi yako we!

Naelewa lakini. Huko chuoni Dodoma ukisema Temeke mtu anapapasa mfuko kwanza aone kama simu ipo. Enzi zetu ilikuwa sifa bwana, miaka ya 2000 mwanzoni Juma Nature na kundi lake la TMK Wanaume wamewaka kwenye bongo fleva, tunachora TMK hadi kwenye mabegi, na watoto wa Upanga nao wana kundi lao la East Coast wanaringa. Na hao wanaotuita wahuni, siku ya dabi ya Simba na Yanga si ndo wanatoka Masaki na magari yao kuja kwa Mkapa? Uwanja wa watu 60,000 na uko Temeke, waulize kama walijua hilo.

Serikali inagawa wilaya inavyotaka, Kigamboni ikatolewa kwetu, Sinza ikatolewa Kinondoni ikawekwa Ubungo, ila muulize mtu wa Sinza kama atakwambia mi wa Ubungo, thubutu! Na jirani zetu hapa ukimwita mtu wa Keko tu hajaridhika, mpaka useme Machungwa au Magurumbasi, na wenyewe kwa wenyewe wanachekana vibaya mno.

Alafu juzi tumemzika mzee muuza kahawa, yule aliyekuwa anakufukuza ukimchezea vikombe. Ndugu zake hawajafika hata nusu ya njia kutoka Kilwa huku turubai lishafungwa, majamvi yametoka msikitini, masufuria makubwa kwa mama yako, vijana wa kijiweni wamefunga njia bajaji zisipite, na hakuna aliyetumwa. Daftari la rambirambi lilivyofika kwangu nikakuandika elfu tano. Wakaanza kuulizana Rama yupi, yule wa mzee nani, eeh yule mlinda mlango, yuko wapi siku hizi. Nikasema yuko chuo, hilo la Mbezi Beach nikalimeza.

Hiyo elfu tano tuma kwenye namba ya mama yako, yangu ina deni wataikata yote.

Baba yako